Fundi wa Breki wa Mteremkoni

Sijui alizaliwa wapi, wala sikuwahi kumuuliza. Nilipopelekwa kuwa dresa, mfunga vidonda na mchoma sindano, katika zahanati ndogo ya njia panda, upande wa Shinyanga kunakoanzia njia ya kwenda Geita, nilimkuta ameshakaa pale. Vita vilikuwa vimekwisha, askari wamerudi na makoti yao ya kaki, na kila aliyeuza pamba vizuri alinunua baiskeli. Walikuwapo mafundi wa cherehani na mafundi wa kujenga, lakini ukisema Fundi tu, watu walijua unamtaja yeye.

Kibanda chake kilikuwa chini ya mteremko. Barabara ilishuka kwa kasi kati ya mawe makubwa, ikapinda mara moja, kisha ikaangukia kwenye kivuko cha mto. Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu karibu mwaka mzima, lakini kivuko kilijengwa kwa mawe, na kando yake kulikuwa na ukuta mfupi. Ukishuka na baiskeli isiyo na breki, ulikuwa na mambo mawili ya kuchagua: mawe ya pembeni au ukuta wa mbele.

Siku ya kwanza nilimpelekea baiskeli yangu iliyokuwa ikilia mnyororo. Nilikuwa kijana, nimevaa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi, na nilitaka anione.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba."

"Hii inakwenda vizuri sana, ila mnyororo unapiga kelele kidogo."

Hakuutazama mnyororo. Alibana mikono yote miwili ya breki, akaegemeza kifua kwenye usukani, akasukuma. Gurudumu la mbele lilizunguka taratibu, likasogea mpaka likanikanyaga kidole.

"Inakwenda, naona," akasema. "Hata gogo linakwenda ukilisukuma. Mimi nionyeshe inavyosimama."

Akafungua mnyororo, akauvaa shingoni kama skafu, akanigeuzia mgongo na kuanza kazi nyingine. Baiskeli ilibaki kwake siku tatu. Nilikasirika. Nilikuwa mtumishi wa serikali, na mtu mwenye kucha nyeusi alikuwa amenivua mnyororo mbele ya watu.

Baadaye nilijua kwamba sikuonewa peke yangu. Alimfanyia hivyo hata tarishi wa mtemi.

Huyo tarishi alikuja na mkoba wa barua, akitaka kujaziwa upepo tu. Miaka ile vipuri vilikuwa adimu, na mipira ya breki ilipokwisha watu walikata vipande vya katambuga, viatu vile vya tairi la gari, wakavifunga kwa waya. Fundi alivichukia vipande hivyo kama mtu anavyomchukia nyoka ndani ya nyumba. Alipoviona kwenye baiskeli ya tarishi, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye mnyororo.

"Unajua mimi ni nani?" tarishi akauliza.

"Nakujua. Wewe ndiye utakayeletwa kwa Dresa akupange mifupa."

Tarishi alitembea kwa miguu mpaka kwa mtemi, na kesho yake Fundi akaitwa barazani. Nilikwenda kutazama, kama wengine wote. Tulidhani atafungwa. Alipopewa nafasi ya kusema, aliomba gunia la mchanga. Likafungwa kwenye karia ya baiskeli ileile, breki zikabanwa na kukazwa kwa kamba. Vijana wawili wenye nguvu wakaipandisha kwenye kilima kilichokuwa nyuma ya baraza, wakashuka nayo wakikimbia, wameishika huku na huku. Walikuwa wakilia wasaidiwe kabla hawajafika nusu. Walipoiachia, ilipita katikati ya wazee waliokuwa wakiruka kutoka vitini, ikagonga ukuta wa baraza. Gunia lilipasuka. Mchanga ulimwagika mpaka miguuni mwa mtemi.

Mtemi alilitazama gunia kwa muda.

"Mchanga huo ulikuwa na uzito gani?"

"Uzito wako, Mtemi," Fundi akajibu. "Nilikupima kwa macho."

Nilimtazama mtemi, naye akainama, akakung'uta mchanga kwenye kiatu. Alipoinua kichwa aliagiza baiskeli za matarishi wote zipelekwe mteremkoni kabla ya jua kuchwa.

Baada ya hapo watu walimheshimu, lakini sidhani kama walimpenda. Mimi mwenyewe ilinichukua muda. Kilichonishtua zaidi ni tabia yake ya kuja zahanati. Kila alipoletwa mtu aliyeanguka na baiskeli, yeye naye alifika. Hakuuliza mgonjwa ana hali gani. Hakumtazama hata usoni. Aliuliza jambo moja tu: "Baiskeli iko wapi?"

Mara moja nilikuwa nimemlaza karani wa jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, taya limevunjika, damu imejaa beseni, mkewe anatetemeka mlangoni. Fundi akasimama nje ya dirisha akauliza swali lake. Nilitoka na mikono yangu ilivyo, imejaa damu.

"Huna haya?" nikamwambia. "Mtu anakaribia kukata roho, wewe unauliza chuma?"

Aligeuka upande haraka. Ndipo nikatambua kwamba alikuwa haoni damu bila kulegea magoti. Alijishika ukutani, akanijibu akitazama mbali.

"Huyo unaye wewe, Dresa. Utamshona. Lakini ile baiskeli itanyooshwa, na kesho atapanda mwingine. Iko wapi?"

Nikamwambia. Alikwenda kwenye kivuko akapiga magoti, akaigeuza baiskeli kipande kwa kipande karibu saa nzima. Alirudi na pini fupi iliyokatika. "Si mteremko uliomvunja taya," akasema. "Ni hii." Na pini ile ikaenda kutundikwa kibandani mwake.

Ukuta wake ulikuwa umejaa vitu vya namna hiyo. Mipira ya breki iliyolika mpaka chuma, nyaya zilizochanika, vyuma vya breki vilivyopinda, vyote vikining'inia kwenye misumari. Kila kimoja alikiita kwa jina la mtu. Mteja akisema ana haraka, alimsimamisha mbele ya ukuta.

"Huyu ni karani wa jineri," alisema akigusa pini. "Hakufa, ila hatafuni upande wa kushoto. Huyu ni mwalimu. Alipaka rimu mafuta ing'ae siku ya harusi yake. Mafuta yalikaa kati ya mpira na rimu, breki ikateleza, na harusi ikafanyika wiki sita baadaye, bwana harusi yuko kwenye magongo. Huyu alishuka na mvua. Rimu ikilowa, breki haishiki mpaka mpira uifute maji kwanza, lazima uanze kubana mapema, kule juu kabisa. Yeye alibana alipouona ukuta."

Watu wengine walicheka, wengine walitema mate chini kwa hofu ya kutajiwa waliokufa. Lakini nakumbuka wakulima wasiojua kusoma hata herufi moja ambao kabla ya kupanda walibana breki ya mbele, wakabana ya nyuma, wakatazama mipira, wakagusa nati za vyuma moja moja kwa kidole. Walijifunza pale.

Mambo yake mengine hayakupatana. Kitambaa chake cha kufutia rimu kilikuwa cheupe kuliko bandeji zangu, na alikifua mwenyewe kila jioni, ila shati lake ungeweza kulisimamisha ardhini likasimama. Alifoka watu wazima mpaka wakatetemeka, kisha akakaa nusu siku akimtengenezea bibi kizee mpini wa jembe bila kuombwa. Sindano aliiogopa kuliko kitu chochote. Nilipowachanja watu wa njia panda alijificha juu ya mawe tangu asubuhi. Na baiskeli hakupanda. Nilimuuliza sababu mara tatu, akanipa majibu matatu tofauti, nikaacha.

Sasa nifike kwenye siku ambayo nisingependa kufika.

Ilikuwa siku ya mnada, mawingu yametanda. Asubuhi mkulima mmoja wa pamba, Baba Kulwa, alimletea Fundi baiskeli abadilishiwe mipira ya breki ya mbele. Alikuwa na mkewe, Mama Kulwa, mwanamke mrefu mcheshi ambaye pacha wake wawili niliwachanja mwenyewe. Walikuwa wanataka kwenda kwa wazazi wa mke, kwenye tambarare iliyo juu ya mteremko, na kurudi kabla ya mvua.

Saa hiyohiyo mimi nililetewa mtoto mwenye degedege. Nilihitaji kwinini ya kuchoma, nayo ilikuwa kabatini, na ufunguo ulikatikia ndani ya kitasa. Nilikimbia mpaka kibandani.

"Fundi, njoo na bisibisi. Njoo sasa hivi."

Alikuwa amepiga magoti mbele ya baiskeli, mipira mipya imeshaingia, spana mkononi. Aliinuka akanifuata bila kuuliza. Alilifungua kabati, nikamchoma mtoto sindano, mtoto akatulia. Fundi alikuwa amefumba macho muda wote huo kwa sababu ya sindano. Kisha akarudi kwake.

Walioona walisema alibana breki, akasukuma kwa kifua kama kawaida, na gurudumu halikuzunguka. Baba Kulwa akapanda, mkewe akakaa kwenye karia, wakaondoka.

Wakati wa kurudi, wakishuka mteremko, breki ya mbele iliachia. Ya nyuma peke yake haikuweza kuwashika watu wawili. Baba Kulwa alitia mguu kwenye spoki akauvunja. Mama Kulwa aligonga ukuta wa kivuko kwa kichwa.

Waliletwa juu ya vitanda vya kamba. Nilifanya niliyoyajua, na niliyoyajua yalikuwa machache. Fundi alikuja akasimama dirishani.

"Baiskeli iko wapi?"

"Kivukoni."

Alikwenda. Safari hii hakukaa saa nzima. Alirudi ameshika chuma cha breki na nati moja, uso umempauka.

"Dresa," akasema. "Ni mimi."

Sikumwelewa. Akanionyesha nyuzi za nati, ile mistari ya ndani inayoshika. Hazikuwa zimelika wala kukatika. Nati ilikuwa imeshikizwa kwa vidole tu, haikukazwa kwa spana. Ilishika pale kibandani, ikashika njia nzima ya tambarare, ikaachia mteremkoni.

Na mimi nikajua ni wakati gani spana iliwekwa chini. Ni pale nilipomwita. Nilirudi ndani kwa mgonjwa.

Mama Kulwa alikufa siku ya pili adhuhuri.

Ndugu zake hawakuzungumza habari za breki. Baiskeli ilikuwa imetoka kwa Fundi, na kitu kilichotoka kwa Fundi hakiharibiki siku hiyohiyo. Kwa hiyo ni mkono wa mtu, wakasema, ni uchawi. Palikuwa na bibi mmoja, jirani yao, macho mekundu kwa moshi wa kuni za miaka yote. Aliwahi kugombana na marehemu kwa sababu ya mbuzi walioingia shambani. Siku ya tatu baada ya mazishi waliuzunguka mji wake. Mwanangwa, kiongozi wa kijiji, aliwazuia kwa shida, akasema jambo lisikilizwe kwanza barazani.

Bibi aliketishwa chini, katikati. Hakulia. Alikuwa akitazama mikono yake. Vijana waliosimama nyuma walikuwa na fimbo na mapanga, na wote tulijua kwamba baraza likimalizika vibaya hatafika nyumbani. Baba Kulwa alikuwapo, nimemfunga mguu kwa mbao, amelazwa kwenye kitanda.

Fundi aliingia na kupita katikati ya watu mpaka mbele. Akaweka kile chuma na nati mbele ya mwanangwa.

"Mwacheni mama huyu aende kwake," akasema. "Nati hii ilikuwa mkononi mwangu. Sikuikaza."

Kelele ziliinuka, zikafa. Mjomba wa marehemu akasema, "Usimkinge mchawi, Fundi. Wewe hukosei. Sote tunakujua."

"Nimekosea. Nimekosea hii. Mtu yeyote mwenye vidole aje aone nyuzi zake."

Wakaja, mmoja mmoja, wakaishika nati. Mwanangwa naye akaishika. Akauliza, "Ulisahau vipi? Nani alikuita, au ulikuwa unaumwa?"

Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake. Alimtazama mwanangwa, akamtazama Baba Kulwa, akawatazama wazee. Mimi hakunitazama.

"Nilisahau," akasema.

Ningeweza kusema. Wale vijana bado walikuwa na mapanga. Nilinyamaza. Mpaka leo naweza kukuonyesha mahali niliposimama.

Baba Kulwa aliinuka kwa kiwiko. Hakupaza sauti.

"Nitakuua," akasema. "Mguu huu ukipona."

Fundi akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa siku ya kuja kuchukua baiskeli.

Bibi alirudishwa kwake. Wazee walimhukumu Fundi walivyoona, naye akatimiza bila kubisha. Alipohama alikwenda na kikapu cha vyombo tu. Nilipopita kibandani, vitu vya ukutani vilikuwa bado vinaning'inia, na kwenye msumari mpya ulio karibu na mlango ile nati ilikuwa peke yake.

Miaka ilipita. Nilihamishwa zahanati mbili, nikaoa, nikahamishwa tena upande wa Geita, karibu na makazi ya watu waliokuja kufanya kazi migodini. Kule ni milima mitupu. Breki yangu ya nyuma ilikuwa imeanza kulegea, na mke wangu alinisumbua kila siku mpaka nikauliza watu fundi mzuri ni yupi. Wakaniambia yuko mmoja kwenye njia ya mgodini, lakini nisiwe na haraka.

Nilimtambua kwa mgongo. Nywele zilikuwa nyeupe kabisa.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba." Akageuka, akanitazama, na kwa kitambo kidogo spana haikusogea. "Dresa. Lete hapa."

Akabana, akasukuma, akaguna. Ndipo nikamwona mtu mwingine akitoka nyuma ya kibanda, anachechemea, mguu wa kulia umepinda pale pale niliposhindwa kuunyoosha. Alikuwa Baba Kulwa.

Nilishtuka hata nikarudi nyuma. Nilimtazama mikononi kwanza. Alikuwa ameshika kopo la maji.

"Mwadila, Dilesa," akanisalimu, kwa matamshi yaleyale ya Kisukuma. "Kaa. Leo ana kazi nyingi."

Fundi akaendelea kufungua nati kana kwamba hatuzungumzi. Tulisogea pembeni, tukakaa juu ya jiwe. Nilimuuliza habari za pacha. Wako kwa bibi yao, akasema, wanasoma. Kisha nikashindwa kujizuia.

"Baba Kulwa, unafanya nini hapa?"

"Nilikuja na panga," akasema. "Mguu ulipopona nilimtafuta, nikamkuta hapa, anafunga beleki ya mtu. Akaniona. Akaniona na panga. Akasema, subiri nimalize hii. Nikaona ni haki, mwenye baiskeli amesimama pale, hana kosa. Nikasubiri. Alipomaliza nikaichukua nikapanda kilimani, nikashuka nayo mwenyewe, nione kama amekaza. Ilisimama. Niliporudi alikuwa ameshika nyingine."

"Sasa umemsamehe?"

Alinitazama kama nimeuliza neno la kitoto.

"Sijamsamehe, Dilesa. Namsubiri amalize."

Fundi alikuwa anafuta rimu yangu. Nilimtazama mzee yule ambaye kila siku alikuwa akimaliza baiskeli na kuanza nyingine, na maneno yakatoka kabla sijayapanga.

"Siku ile nilimwita mimi," nikasema. "Spana ilikuwa mkononi mwake. Nilikuwa na mtoto wa degedege na kabati la dawa halifunguki. Nilimwita akaiacha nati akanifuata. Barazani nilinyamaza."

Baba Kulwa aliweka kopo chini. Nilidhani atanipiga, na ningekubali.

"Mtoto alipona?"

"Alipona."

"Wa nani?"

Nikamtajia. Alimjua. Akageuza macho kwa Fundi.

"Miaka yote hii namuuliza alisahau vipi," akasema. "Ananijibu, nilisahau."

Fundi alisimama, akafuta mikono. "Tayari," akasema. Hakunipa mimi baiskeli, alimpa Baba Kulwa aijaribu, kama zote. Nikataka kumwambia aache, ni yangu, nitaijaribu mwenyewe. Lakini alishaishika, akaanza kuisukuma juu ya kilima, akichechemea, mpaka akawa mdogo kule kwenye mawe. Tulimwona akigeuka. Akapanda.

Fundi alinigeuzia mgongo na kuishika nguzo ya kibanda kwa mikono miwili. Baiskeli yangu ilikuwa ikishuka na mtu juu yake, kokoto zikiruka, kasi ikiongezeka kila alipozidi kukaribia. Kisha ikalia mara moja, kavu, ikatulia.

"Amesimama?" Fundi akauliza bila kugeuka.

"Amesimama."

"Ameshuka?"

Baba Kulwa alikuwa bado amekaa juu ya tandiko, mguu mmoja chini, anatutazama sisi wawili. Kisha akashuka.

"Ameshuka," nikasema.

Fundi akaachia nguzo, akavuta baiskeli iliyofuata.